Moto ikizimika njiani: mazungumzo juu ya esanse na kabureta

(Maneno haya yalisemwa na kikundi cha pikipiki mbele ya mkutano wa wanachama, Bogoro. Tumeyaandika kwa ajili ya wale hawakufika, na kwa marafiki wetu wa mbali.)

  Leo hatutaongea juu ya mchango wa mwezi wala juu ya karatasi za chama. Tutaongea juu ya kitu kidogo kinachoenea katika mkono mmoja. Kikiziba hicho, mgonjwa hafiki hospitali, samaki wa Kasenyi wanaoza njiani, na mtoto anarudishwa nyumbani kutoka shuleni juu baba yake hakuleta makuta jioni. Kitu hicho ni kabureta. Wengine wetu tunaiita karbirateri, ni kitu kimoja.

Tunajua kuna mama hapa anayejiuliza: mimi siendeshi moto, haya yananihusu nini? Mama, yanakuhusu. Unapopanda nyuma na mtoto mgonjwa, ni vizuri ujue kama motari wako anatafuta tatizo kwa akili ao anapiga kiki tu na kutoa jasho. Na ukiwa umeweka makuta yako katika mfuko wa pikipiki za chama, ni mali yako inayozimika pale barabarani.

Kwa nini tunaongea juu ya hii

Kutoka Bogoro mpaka Bunia ni kilomita kama 25. Upande ule mwingine barabara inateremka mlima mpaka Kasenyi, kwenye Ziwa Albert. Wengi wetu tulitoka hapa mbio siku ya tarehe 24 Februari 2003. Wengine walienda Bunia, wengine walivuka ziwa wakakaa Uganda, kule Kyangwali na kwingine. Tuliporudi, kila mmoja kwa wakati wake, tulikuta hakuna kitu. Hatua kwa hatua tumejenga. Na katika kujenga huko, pikipiki njo imekuwa miguu yetu. Inabeba muhogo, inabeba sementi, inabeba mwalimu, inabeba mama anayetaka kuzaa.

Marafiki wetu wa mbali wanaweza kuuliza: kwa nini msinunue mpya? Jibu ni rahisi. Mpya ni ghali, na hata mpya zinazoletwa kwetu, zile Boxer na TVS kutoka India, nyingi bado zinatumia kabureta. Huko India kwenyewe, tangu Aprili 2020 sheria ya moshi ilikazwa, na pikipiki nyingi zikaenda kwenye mtambo wa kompyuta unaopuliza mafuta. Hapa kwetu tunabaki na kabureta, na hiyo si laana. Mtambo wa kompyuta ukiharibika katikati ya Bogoro na Kasenyi, utausukuma mpaka mjini. Kabureta unaifungua kando ya barabara na turnevisi moja, ukijua unachokitafuta.

Ukijua unachokitafuta. Hapo njo pana kazi ya leo.

Kabureta inafanya nini

Tusiogope chombo. Injini inataka vitu vitatu: mafuta na hewa kwa kipimo chake, cheche ya buji kwa wakati wake, na nguvu ya kubana ndani ya silinda. Kimoja kikikosa, haiwaki. Kabureta ni mpishi wa kile cha kwanza: inachanganya esanse na hewa.

Hewa inapita katika koo nyembamba. Ikipita mbio pale, inanyonya esanse kutoka bakuli la chini, kama vile mtoto anavyonyonya soda na mrija. Esanse inapita katika tutundu tudogo sana tunatoita jikleri. Kuna jikleri ndogo, ya ralanti, yaani wakati moto imesimama inanguruma polepole. Kuna jikleri kubwa, ya wakati umefungua gazi yote. Katikati yao kuna sindano inayopanda na kushuka pamoja na gazi.

Ndani ya bakuli kuna floteri. Ni kaboya, sawa na maboya ya nyavu za wavuvi wetu. Esanse ikijaa, kaboya kanapanda na kusukuma kasindano kanakofunga njia. Esanse ikipungua, kaboya kanashuka, njia inafunguka. Ni hiyo tu. Ukishika hii picha kichwani, zaidi ya nusu ya matatizo utayatambua bila kufungua hata skuru moja.

Anza na kilicho rahisi

Tumeona vijana wengi, moto ikizimika, mkono wa kwanza unaenda kwenye kabureta. Hapana. Fuata njia ya esanse kutoka juu mpaka chini, kama unavyofuata mfereji wa maji kutafuta mahali palipoziba.

Kwanza, fungua tanki, angalia. Esanse iko? Usicheke. Mlimani na mteremkoni esanse inahamia upande mmoja wa tanki, na robine inaweza kukauka wakati ungali na nusu lita. Geuza robine kwenye rizevu, tikisa moto kidogo, jaribu.

Pili, sikiliza wakati unafungua kifuniko cha tanki. Kama inalia «fff», umekwisha kupata mchawi. Kifuniko kina katundu kadogo ka kuingiza hewa. Vumbi ya barabara yetu, hasa kuanzia Desemba mpaka Februari, inakaziba. Esanse inatoka, hewa haiingii, basi tanki linajinyonya lenyewe na mafuta hayashuki tena. Dalili yake: moto inaenda vizuri dakika kumi ao ishirini, inazimika polepole kama mtu anayesinzia, ukingoja kidogo inawaka tena, ukienda inazimika tena. Dawa: ondoa kifuniko, osha na sabuni, puliza ile njia ya hewa mpaka ipite.

Hii tunaisema kwa uzito juu imetupata. Siku moja moja ya pikipiki za chama ilikuwa inapeleka mama mwenye uchungu wa kuzaa kutoka hapa kwenda Bunia. Ikazimika mara tatu njiani. Mara ya tatu mama akashuka, akakaa chini ya mti na shemeji yake, mpaka moto nyingine ikapita na kumpokea. Alifika, alizaa, mtoto yuko. Lakini ile pikipiki ilipelekwa kwa fundi mmoja wa mjini, naye akasema kabureta imekufa, inunuliwe nyingine. Makuta ya mfuko yakatoka. Kabureta mpya ikafungwa, na siku iliyofuata moto ikazimika vilevile. Ni motari mwenyewe aliyekuja kugundua kifuniko. Kabureta ya zamani tumeiweka hapa mezani, ishikeni, iko nzima kabisa. Hatusemi hivyo ili tugombane na mafundi. Tunasema ili kila mwanachama ajue kuuliza: baba fundi, umeangalia kifuniko?

Tatu, chomoa mpira wa esanse pale unapoingia kwenye kabureta, weka mdomo wake ndani ya chupa safi ya plastiki, fungua robine. Esanse inapaswa kutoka kama kamba, bila kukatika. Ikitoka matone matone, tatizo liko juu: robine imeziba, ama filtri ndogo ya katikati imejaa takataka, ama ni kile kifuniko. Ikitoka vizuri, funga, na sasa chupa ile usimwage. Iweke chini itulie dakika tano.

Chupa inasema kweli

Chupa iliyotulia ni shahidi. Maji ni mazito kuliko esanse, yanakaa chini. Utaona mstari, ama vitone vya mviringo vinatembea chini kama lulu. Hayo ni maji. Utaona mchanga mwekundu, ni vumbi ao kutu ya tanki. Moto yenye maji ndani ya bakuli inapiga kelele «pa, pa», inaruka, inakosa nguvu, kisha inakufa.

Na kama esanse imechanganywa? Tunanunua barabarani, kwa chupa na kwa bidoni, kwa wale tunaowaita Kadhafi. Wengi wao ni watu wa haki na ni ndugu zetu. Lakini bidoni moja leo inabeba mazutu, kesho petroli ya taa, kesho kutwa esanse. Jaribu hivi: dondosha matone mawili juu ya karatasi nyeupe, ngoja. Esanse safi inakauka na kuacha karatasi karibu kama ilivyokuwa. Mazutu na petroli vinaacha doa la mafuta lisilokwenda. Hata kwenye vidole: esanse inakauka mbio na kuleta baridi, petroli inabaki inateleza.

Kwa wale wanaofanya safari za Kasenyi na Tchomia, jambo jingine. Wavuvi wanatumia mashini za mitumbwi za mdundo mbili, na esanse yao mara nyingi imekwisha kuchanganywa na oili. Ukiitia katika Boxer haitakufa papo hapo, lakini itatoa moshi wa bluu, na buji itakuwa nyeusi yenye utelezi. Uliza kabla ya kununua: hii ni ya mtumbwi ao ya moto?

Buji ni ulimi wa mgonjwa

Daktari anasema: toa ulimi. Sisi tunatoa buji. Ukiitoa baada ya kupiga kiki mingi:

Kama ni kavu kabisa, esanse haifiki. Rudi kwenye njia ya juu.

Kama imelowa na inanuka esanse, mafuta yanafika kupita kiasi, ama cheche hakuna. Funga robine, fungua gazi yote, piga kiki mara kumi bila buji ili silinda ikauke. Kausha buji, irudishe, jaribu bila starteri. Lakini ukifanya hivyo hakikisha ile kofia ya buji iko mbali na tundu, cheche isikutane na mvuke.

Kama ina masizi meusi makavu, hewa ni kidogo ama mafuta ni mingi. Angalia filtri ya hewa, angalia kama starteri imekwama ikiwa imefunguka.

Kama ni nyeupe kama majivu, mafuta ni kidogo ama hewa inaingia kwa njia ya wizi. Angalia ule mpira unaounganisha kabureta na injini, mara nyingi unapasuka kwa jua na uzee. Moto ikiwa kwenye ralanti, nyunyiza maji kidogo juu ya ule mpira. Mlio ukibadilika, umepata mwizi.

Kama ina rangi ya kahawia, ya udongo mkavu, mshukuru Mungu, hapo injini inakula vizuri. Nafasi ya cheche kwa moto nyingi za kwetu ni milimita 0.6 mpaka 0.7.

Sasa, kabureta

Umefika hapa na esanse inashuka vizuri, buji ina cheche. Bado usitoe kabureta. Chini ya bakuli kuna skuru ya kumwagia. Ilegeze, weka chupa. Esanse ikitoka safi, bakuli lina mafuta na tatizo liko kwenye jikleri. Kama haitoki kitu, na juu inashuka vizuri, kale kasindano ka floteri kamekwama. Gonga bakuli polepole kwa mpini wa turnevisi. Polepole, si kama unapasua kuni. Mara nyingi inaachia.

Kinyume chake: esanse inavuja kwenye kampira ka chini hata moto imezimwa. Hapo kasindano hakafungi. Takataka imekaa pale, ama ncha yake imelika, ama kaboya kametoboka na kamejaa esanse. Katikise sikioni, ukisikia maji ndani, kamekufa. Moto inayovuja hivyo tunasema isitembee mpaka itengenezwe, kwa sababu mbili. Inaweza kuungua. Na esanse inaweza kushuka mpaka ndani ya oili ya injini. Toa kijiti cha oili, nusa. Kama kinanuka esanse na kiwango kimepanda, badilisha oili kabla ya kuwasha, la sivyo utakula injini nzima.

Namna moto inavyolalamika inaonyesha jikleri gani imeziba. Kama inawaka tu ukivuta starteri, na ukiirudisha inazimika, ama haishiki ralanti, ni jikleri ndogo. Kama ralanti ni nzuri lakini ukifungua gazi yote mlimani inakohoa na kukosa nguvu, ni jikleri kubwa, ama mafuta hayashuki ya kutosha.

Kusafisha: tafuta mahali pasipo upepo, tandika kitambaa cheupe, weka kila kipande kwa mpangilio ulivyokitoa. Toa jikleri, iangalie kwenye jua. Unapaswa kuona jicho la mwanga la mviringo. Kama hulioni, ioshe na esanse safi, kisha ipulize kwa pampu ya baiskeli yenye ile sindano ya kujazia mpira wa miguu. Hii ni kompresa yetu ya kijijini, inafanya kazi vizuri. Tunaomba sana: usiingize waya wa chuma. Lile tundu limepimwa kiwandani, na jikleri ni ya shaba laini. Ukilikwaruza mara moja, litakunywa esanse maisha yake yote. Kama ni lazima, tumia uzi mmoja wa nailoni.

Ile skuru ndogo ya mchanganyiko, ile ya pembeni, kabla hujaitoa ifunge polepole mpaka iguse, ukihesabu mizunguko. Andika hesabu hata mkononi. Kisha iirudishe vilevile. Kama hesabu imepotea, anza na mzunguko mmoja na nusu, pasha injini, halafu zungusha kidogo kidogo mpaka mlio uwe mzuri na imara, mwisho ushushe ralanti.

Wengine wanasema moto inabadilika ikishuka ziwani. Ni kweli kidogo. Ziwa liko kama mita 620 juu ya bahari, Bunia inapita mita 1,200. Huku juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa na mafuta zaidi kidogo na nguvu inapungua kidogo. Lakini tofauti hiyo haitoshi kubadilisha jikleri. Kama moto yako inatoa moshi mweusi ikipanda mlima, angalia kwanza filtri ya hewa. Ya sponji ioshe na sabuni, ikauke kabisa, ipake oili kidogo, ikamue. Ya karatasi usiioshe, ikung'ute, ikichoka nunua nyingine. Na usiiondoe ukasema «inapumua vizuri zaidi». Vumbi hii itakula pistoni na silinda kabla mwaka haujaisha.

Pikipiki iliyoachwa

Hapa tunagusa jambo letu sisi tuliorudi. Wengi waliacha pikipiki kwa jirani, ndani ya nyumba iliyofungwa, wengine waliificha shambani. Umerudi baada ya miezi, ama miaka. Furaha ya kwanza ni kupiga kiki. Subiri.

Esanse iliyokaa muda mrefu inakufa. Sehemu nyepesi inaruka, inayobaki inakuwa kama gundi ya kahawia yenye harufu chachu. Gundi hiyo njo inaziba jikleri. Na tanki lililoachwa nusu limepata kutu juu, kwa unyevu wa hewa. Ukipiga kiki, unavuta uchafu wote ule ndani.

Fanya hivi: mwaga esanse yote ya zamani katika bidoni. Usiimwage chini karibu na kisima, itumie kuoshea cheni. Toa tanki, ondoa robine, ziba tundu. Tia kokoto safi na maji ya sabuni, tikisa mpaka mkono uchoke, mwaga, suuza mara nyingi, anika kwenye jua likauke kabisa. Suuza mwisho na esanse kidogo. Badilisha mipira ya esanse, ile ya zamani inakuwa migumu na kupasuka. Fungua kabureta na kuisafisha yote. Badilisha oili. Tia matone machache ya oili kwenye tundu la buji, piga kiki polepole bila buji. Ndipo uwashe.

Na wale walio na Yamaha AG 100 za zamani, zile za mashirika na za misioni: hiyo ni ya mdundo mbili na ina katanki kake ka oili pembeni. Hakikisha kana oili na kanapita, juu bila hiyo injini itashika.

Hatuombei tena siku ya kukimbia. Mji wetu umeona ya kutosha, na tangu Mei 2021 jimbo letu liliwekwa chini ya hali ya dharura. Lakini mtu mwenye akili anajua: kama unaacha moto kwa muda mrefu, kwa sababu yoyote, funga robine, iache injini inguruke mpaka izimike yenyewe, halafu mwaga bakuli. Ni dakika tano. Ukirudi utamshukuru yule aliyekuwa wewe.

Tahadhari ya kuungua

Katika Kiswahili chetu neno ni moja: moto ni chombo, na moto ni ule unaowaka. Tusiruhusu vikutane. Usiangalie ndani ya tanki na mshumaa, kibiriti ao taa ya petroli, hata kwa sekunde. Tumia tochi. Usitie esanse injini ikiwa inanguruma. Bidoni isikae jikoni wala chumba wanapolala watoto. Chupa ya soda yenye esanse mtoto anaweza kuinywa.

Tena, tuache kunyonya esanse kwa mdomo na mpira. Ikiingia kwenye mapafu inaweza kuua. Mtu akimeza, usimtapishe, usimlazimishe kunywa kitu, mpeleke kituo cha afya mara moja.

Tunachoomba

Kwa wanachama: tumeweka daftari moja kwa kila pikipiki ya chama. Kila mara inapozimika, motari anaandika tarehe, mahali, esanse ilinunuliwa wapi, dalili, na dawa. Bila daftari tunalipa ugonjwa mmoja mara tatu. Na kila anayenunua esanse atumie mbeleko yenye wavu mwembamba, aache bidoni itulie, na asimwage vidole viwili vya mwisho, ndimo maji na mchanga vinamolala.

Kwa marafiki wa mbali: mwajua historia ya Bogoro. Mwaka 2017 Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai iliamuru fidia kwa watu 297 wa shambulio lile, dola 250 ya ishara kwa kila mmoja, pamoja na msaada wa nyumba, wa masomo, wa kazi ya kuleta mapato na wa kutuliza roho. Tumejifunza kwamba kitu kinachotolewa kinaweza kuwa kizuri na bado kikafa mapema, kama hakuna anayejua kukitunza. Kwa hiyo leo hatuwaombi pikipiki nyingine. Tunaomba vitu vidogo: filtri, sindano za floteri, jwenti za bakuli, buji, mipira ya esanse, mbeleko za wavu. Mzigo wa kilo tano wa vitu hivyo unaweka pikipiki nyingi barabarani kuliko pikipiki moja mpya inayong'aa.

Na kwa mafundi wetu: siku ya soko inayokuja tutafungua kabureta tatu hapa chini ya mwembe, kuanzia saa tatu ya asubuhi. Mama na wasichana mnaotaka kujifunza, njooni pia, mikono yenu midogo inashika jikleri vizuri kuliko yetu. Kila mtu alete kitambaa cheupe na chupa moja tupu ya plastiki.

 Sasa anayetaka kuuliza, ainue mkono.